Kanisa Linaniita Shujaa, Nami Namkumbuka Mama Aliyefia Mezani Kwangu

Shikamoo Daktari.

Mimi ni daktari, mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Muheza, na kwa sasa niko Chumbageni hapa Tanga, nyumbani kwa kaka yangu, katika likizo ya wiki saba ambayo wiki mbili zake zimekwisha kupita. Nilipomaliza utarajali nilifanya kazi za mkataba katika vituo viwili vya afya, kisha kanisa letu likaniomba niende kuhudumu kwa miaka mitatu katika hospitali ya misheni iliyoko kijijini, kusini mwa Malawi. Nimemaliza mwaka mmoja na miezi miwili. Natakiwa kurudi, na sijui kama nirudi.

Hospitali yenyewe ina wodi nne na chumba kimoja cha upasuaji. Madaktari tuko wawili, mimi na mganga mfawidhi, ambaye vikao vya wilaya na vya kanisa humtoa mara kwa mara. Kazi kubwa ya upasuaji hufanywa na matabibu, yaani watumishi waliofunzwa kutibu na kupasua bila kuwa na shahada ya udaktari, na miongoni mwao yuko mmoja ambaye amewapasua akina mama kwa miaka mingi kuliko miaka niliyosoma udaktari. Niliwakuta watu wapole na lugha iliyo jirani na yetu kiasi cha kunidanganya. Wiki ya kwanza mzee mmoja alinieleza habari za "mutu", nikadhani anazungumzia mtu fulani, kumbe ni kichwa kinamuuma. Na kijana wa kiume alipolalamika kwamba "m'mimba" panauma, wauguzi walicheka sana walipoona uso wangu, maana kwao neno hilo ni tumboni tu.

Daktari, naandika kwa sababu ya usiku mmoja wa Februari. Mvua ilikuwa imekata njia. Aliletwa mama mwenye ujauzito wa tatu, ambaye uzazi uliotangulia alipasuliwa, na ambaye tulikuwa tumemwambia akae katika nyumba ya kusubiria iliyo ndani ya uzio wa hospitali mpaka siku zake zitimie. Alikaa siku chache akarudi kwao, kwa kuwa ulikuwa wakati wa palizi na hapakuwa na ndugu wa kumpikia. Uchungu ulimwanza asubuhi ya siku iliyotangulia. Walimpakia katika mkokoteni wa ng'ombe, kisha wakamvusha kijito kwa machela, wakafika saa tano usiku. Nilipoweka mkono juu ya tumbo lake nilijua kwamba mfuko wa uzazi umepasuka na kwamba mtoto hayupo tena.

Mganga mfawidhi alikuwa Blantyre. Tabibu mzoefu alikuwa mafunzoni. Katika jokofu palikuwa na chupa moja tu ya damu inayolingana na yake. Nilimfungua, nikakuta mpasuko umeanzia kwenye kovu la zamani na kuelekea pembeni, nikaamua kumtoa kizazi, kazi ambayo nilikuwa nimeishuhudia mara tatu lakini sijawahi kuifanya kwa mkono wangu mwenyewe. Umeme ulikatika, tukamalizia kwa tochi za simu. Ilinichukua zaidi ya saa mbili na nusu. Alikufa saa kumi alfajiri.

Kulipokucha nilitoka kuwaeleza ndugu. Mkwewe, mwanamke mzee, aliniangalia kisha akasema, "Pepani, adokotala." Maana yake ni pole, daktari. Yeye aliyefiwa alinipa pole mimi, na sikuweza kumjibu neno.

Mganga mfawidhi aliporudi baada ya siku mbili aliniambia nisijitese, ni mapenzi ya Mungu, nikamilishe faili. Nikaandika kwamba mgonjwa alifika akiwa amechelewa. Ni kweli alichelewa, lakini hiyo si kweli yote, na tangu siku hiyo kila nikishika kalamu mstari ule hunirudia. Hakikufanyika kikao chochote.

Sasa niko nyumbani, na kamati ya kanisa imeandaa Jumapili maalumu ya harambee. Wametengeneza bango lenye picha yangu na maneno "Shujaa Wetu". Mwenyekiti ameniomba nilete picha za wagonjwa "zinazogusa moyo", na katika simu yangu ipo moja ya mama aliyejifungua pacha, anacheka, ambayo niliipiga bila kumwambia nitaifanyia nini. Mama yangu mzazi, aliyestaafu uuguzi katika wodi ya watoto Muheza, hataki nirudi. Ameniuliza, "Umekwenda kutafuta nini huko ambacho kwetu Bonde hakipo? Handeni na Kilindi wanawake hawazai?" Nimekosa jibu.

Naomba uniambie: je, nilimuua mama yule? Nirudi, au nibaki? Na Jumapili hiyo nisimame niseme nini?

Mwenye Deni, Chumbageni.

MAJIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa mzigo ambao umeubeba peke yako tangu Februari.

Nianze na swali lako zito kuliko yote, na uniwie radhi kwamba sitakujibu kwa haraka kuwa la, hukumuua, usijali. Jibu la namna hiyo umekwisha kupewa, na kama lingekuwa dawa usingeniandikia. Wewe ni daktari, na daktari anayeuliza swali hilo anastahili kujibiwa kama mgonjwa wake anavyostahili kuchunguzwa, yaani kwa kufunuliwa nguo na kuguswa panapouma.

Wanaochunguza vifo vya uzazi hutumia mpango uliowekwa na watafiti wawili, Thaddeus na Maine, mwaka 1994, wa kutazama ucheleweshaji wa aina tatu: wa nyumbani kabla ya kuamua kwenda hospitali, wa njiani, na wa hospitalini kwenyewe baada ya mgonjwa kufika. Usome tena mstari ulioandika katika faili. Umetaja ule wa kwanza na wa pili, na wa tatu umeuacha. Na wa tatu ndio uliojaa mambo: chupa moja ya damu katika hospitali inayopasua, mzoefu kupelekwa mafunzoni na mkubwa kusafiri kwa wakati mmoja bila mtu wa kushika nafasi zao, umeme usio na mbadala, na daktari aliyeachwa na operesheni ambayo hakufundishwa kuifanya. Ndani ya orodha hiyo umo pia uamuzi wako wa kutoa kizazi. Madaktari bingwa hufundisha kwamba mpasuko wenye kingo safi, ukishonwa na mirija ikafungwa, humtoa mama mezani mapema zaidi. Na pale ambapo kizazi hakina budi kutolewa, ni heri kuiacha shingo yake mahali pake, kwa sababu kuifuata huko chini kunaongeza muda, na muda kwa mgonjwa huyo ni damu. Kama mpasuko ule ulikuwa wa kushoneka, anayejua ni wewe uliyeushika. Inawezekana angekufa hata mikononi mwa bingwa. Inawezekana pia kwamba angepona. Hivyo ndivyo ninavyoona kwa uaminifu: palikuwa na upungufu katika mkono wako, na palikuwa na upungufu mkubwa zaidi katika mikono iliyokuweka pale peke yako, na huo wa pili haukufuti wa kwanza, wala wa kwanza haukufanyi kuwa muuaji.

Nikueleze jambo langu mwenyewe, ambalo si rahisi kulisema. Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika hospitali za wilaya, na watoto walipoletwa wakiwa na homa kali, mikono ya baridi na mapigo ya moyo yanayokimbia, niliwamiminia dripu kwa kasi kama vitabu vilivyotuelekeza. Sikufanya kwa uzembe. Nilifanya kwa bidii na kwa fahari, na nikawafundisha wadogo zangu wafanye hivyo. Kisha ulifanyika utafiti mkubwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa upande wetu hospitali yenyewe ilikuwa Teule, palepale Muheza kwenu. Waliingizwa watoto 3,141, kati ya 2009 na 2011, wengi wao wakiwa na malaria. Ilitazamiwa kwamba maji ya haraka yangewaokoa. Ilipohesabiwa baada ya saa 48, walikuwa wamekufa takriban asilimia 10.5 ya waliomiminiwa, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Niliposoma matokeo hayo mwaka 2011 niliifunga ile karatasi nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe, nikaanza kukumbuka nyuso. Mama yako, kama alikuwa bado kazini miaka hiyo, atakuwa anazijua siku zile kuliko mimi.

Nakueleza hayo kwa sababu moja. Watoto waliookolewa baada ya hapo waliokolewa kwa kuwa kila kifo kilihesabiwa na kuandikwa kama kilivyokuwa, na hakuna aliyeandika "mapenzi ya Mungu" katika safu ya sababu. Mimi ni mtu wa sala, na siku ikifika nitazikwa kwa sala, lakini faili la mgonjwa si mahali pa kumsingizia Mungu. Mganga mfawidhi wako huenda alitaka kukufariji. Nami nimewahi kuwafariji vijana kwa maneno hayohayo, na baadaye nikagundua kwamba nilikuwa najifariji mwenyewe, kwa kuwa zamu niliipanga mimi.

Kwa hiyo swali la kurudi au kubaki usilijibu kabla ya jambo hili. Kikao cha mapitio ya kifo kile lazima kifanyike. Kwetu Tanzania kifo cha uzazi hutakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku 7, na Malawi nako wanao utaratibu wao wa mapitio. Miezi imepita, lakini mafaili hayaozi. Mwandikie mganga mfawidhi sasa hivi, kabla hujapanda basi, barua ya heshima na fupi, umweleze kwamba unaomba kikao hicho kiitishwe utakaporejea na kwamba utakuwa wa kwanza kueleza ulichokifanya. Katika kikao wawepo muuguzi mkuu, wakunga wa zamu ile, matabibu wote, mtu wa maabara anayetunza damu, fundi wa umeme, na yule mama anayesimamia nyumba ya kusubiria, ambaye nadhani atakuwa na la kusema kuliko ninyi wasomi. Huyo ndiye anayejua ni wanawake wangapi huondoka kwa kukosa unga. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba hatafutwi wa kufukuzwa. Na lile faili usilifute neno. Ongeza maelezo chini yake, uweke tarehe ya siku unayoyaandika, na utie saini.

Naona mambo matatu au manne yatakayotoka humo bila kusubiri fedha za mfadhili. Zamu zipangwe ili mkubwa na mzoefu wasiondoke pamoja. Iwepo orodha ya wachangia damu walio karibu, yaani walimu, walinzi, makatekista na watumishi wenyewe, waliokwisha kupimwa kundi la damu, ambao huamshwa usiku na damu yao kupimwa magonjwa kabla ya kutolewa. Taa za chumba cha upasuaji zitumie betri. Na unga uwepo katika nyumba ya kusubiria wakati wa palizi, maana mwanamke yule hakuondoka kwa ujinga. Alipima njaa ya leo na hatari ya kesho, akachagua kama ambavyo ningechagua mimi.

Akikataa kuitisha kikao, hapo nitakushauri usirudi chini yake, na sababu uieleze kwa maandishi kwa kanisa lililokutuma na kwa wenye hospitali. Sisemi hivyo kwa hasira. Daktari mgeni akikaa mahali ambapo vifo havizungumzwi, ndani ya mwaka wa pili huwa amejifunza kutozungumza naye, na ukifika hapo utakuwa umepoteza kitu ambacho likizo haitakirudisha.

Sasa habari ya Jumapili na bango. Mimi sikupata kwenda ng'ambo kuhudumu, lakini nimekaa upande wa pili wa jambo hili, upande wa wenyeji wanaopokea madaktari wa misheni, na huko mambo huonekana tofauti. Nimewapokea wengi. Mmoja alikuja na mashine nzuri, akaipiga picha pamoja nasi, akaondoka baada ya miezi mitatu, na mashine ikageuka kuwa meza ya kuwekea vikombe. Mwingine, ambaye Kiswahili chake kilitoka puani mpaka siku anaondoka, alisimama katika ripoti ya asubuhi mbele ya wauguzi na wahudumu akasema kwamba mtoto wa jana usiku amekufa kwa sababu yeye alikosea kipimo cha dawa. Chumba kizima kilinyamaza. Hatukuwahi kumsikia daktari, mweupe wala mweusi, akisema hivyo. Tangu siku hiyo wauguzi walianza kumwambia daktari yeyote anapokosea, na mimi nikiwamo, mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Ushujaa wa daktari wa misheni ni hadithi ya zamani inayosimuliwa na waliobaki nyumbani. Albert Schweitzer alipofungua huduma yake Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, alitibia kwanza katika banda lililokuwa la kuku, na wagonjwa walikuja na ndugu wa kuwapikia kama hao wa kwenu Malawi. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952, na alistahili sifa nyingi. Lakini muulize mtu yeyote akutajie Mgaboni mmoja aliyekuwa akimtafsiria na kumshikia mgonjwa. Hata hapa jirani, mwili wa Livingstone, naye daktari, ulipofikishwa Bagamoyo Februari 1874, walioubeba kwa miezi kutoka bara, Susi na Chuma na wenzao, hawakupelekwa mazikoni London isipokuwa mmoja, Jacob Wainwright. Bango lako limefanya vivyo hivyo. Tabibu aliyewapasua akina mama kwa miaka mingi kuliko uliyosoma udaktari hayumo.

Mwombe mwenyekiti, kwa adabu, abadilishe maneno hayo. Akikwambia limekwisha kuchapwa, mwambie kitambaa chake kinafaa kukingia vumbi. Ile picha ya mama wa pacha ifute, au rudi nayo umwombe ruhusa akiwa anaelewa itaonekana wapi. Kipimo changu ni hiki: je, ungempiga picha mwanamke aliyelazwa hospitali ya Bombo, Tanga, ambaye shemeji yake anasali kanisani kwenu, ukaibandika ukutani ili watu watoe sadaka? Kama usingethubutu, mipaka ya nchi haikubadilishii siri ya mgonjwa. Wala kisa cha mama aliyekufa usikisimulie kwa undani kama ulivyonisimulia mimi. Kisa hicho ni cha ndugu zake kwanza. Nami katika kuichapa barua yako nimeondoa mambo ambayo yangeweza kuwatambulisha.

Utasema nini basi? Sema kweli, kwa kadiri inayowahusu. Unaweza kusema: "Nimefanya kazi na watu wanaojua mengi kuliko mimi. Tumewapokea wengi wakiwa hai, na wako tuliowapoteza, na miongoni mwao yuko ambaye nadhani angepona kama tungekuwa na damu, mwanga na mkono wenye ujuzi kuliko wangu. Naomba mchango wenu kwa ajili ya taa za betri, jokofu la damu, na unga wa wanawake wanaosubiri kujifungua." Halafu kaa chini. Nimehudhuria harambee nyingi katika maisha yangu, na nimeona watu wa Tanga wakitoa zaidi kwa gunia la unga wanalolielewa kuliko kwa picha ya machozi. Wapo watakaonung'unika kwamba umeipoza ibada. Waache.

Upande wa ujuzi sitasema mengi, kwa kuwa wewe mwenyewe umekwisha kuliona pengo. Una wiki tano. Mwone Mganga Mkuu wa Mkoa, umwombe ruhusa ya kusimama katika chumba cha upasuaji cha uzazi Bombo, ushike mkasi chini ya jicho la bingwa kila atakapokuita, hata usiku wa manane. Jifunze kushona mpasuko, kutoa kizazi kwa kuacha shingo, na kuzuia damu ndani ya kizazi kwa puto linalotengenezwa kwa kondomu na mpira wa mkojo. Jifunze pia kupima damu ya mama aliyejifungua kwa mfuko wenye alama badala ya kukadiria kwa macho, na kuanza tiba yote kwa pamoja mara inapovuka alama, kwa sababu utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu, uliotolewa 2023, ulionyesha kwamba utaratibu huo ulipunguza madhara makubwa ya kuvuja damu kwa asilimia 60. Ukirudi, mwombe yule tabibu mzoefu akusimamie nawe, na umwombe mbele ya watu. Leseni yako ya Baraza la Madaktari Tanganyika usiache ikaisha muda ukiwa huko, na michango yako ya hifadhi ya jamii iandikwe katika mkataba. Wengi waliotumikia Mungu kwa moyo wote wamezeeka bila pensheni.

Swali la mama yako ni la haki, na usilikwepe kwa kusema umeitwa. Ni kweli wanawake wa Handeni na Kilindi nao wanazaa. Ungekuwa umeacha wodi iliyobaki bila daktari, ningesimama upande wake. Lakini kwa hali ilivyo, nchini wako madaktari vijana waliohitimu wanaosubiri ajira, na nafasi uliyoiacha haikukaa wazi. Kuna jambo jingine ambalo mtu wa pande za Magila, jirani na Muheza, anapaswa kulikumbuka. Wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ambao hospitali ya Muheza inawahesabu kuwa waanzilishi wake, hawakuanzia kwetu. Walianzia Magomero, kusini mwa Malawi hiyohiyo, mwaka 1861. Askofu wao Mackenzie alikufa kwa homa Januari 1862, wenzake kadhaa wakafa, wakashindwa, wakahamia Zanzibar mwaka 1864, na kutoka huko wakafika Magila. Kama huko kusini mambo yangewaendea vizuri, sijui kama mama yako angepata wodi ya kufanyia kazi miaka yote hiyo. Mweleze hayo, lakini kwanza muulize habari moja: ni mgonjwa gani ambaye yeye hajamsahau. Muuguzi aliyestaafu wodi ya watoto anaye mmoja, na ninashuku kwamba hofu yake juu yako ina uso na jina ambalo hajakutajia.

Limebaki neno la yule mkwe. Utakaporudi, na baada ya kikao kufanyika, mwombe muuguzi mkuu akupeleke kwa familia ile; usiende peke yako na usiende kwa gari la hospitali mpaka mlangoni. Muulize yeye kinachofaa kupelekwa msibani kwa desturi ya kwao, na nadhani atakutajia unga. Waeleze kwa lugha yao, hata kama ni ya kukatakata, kwamba mmekaa mkajadili kilichotokea usiku ule, na mtabadilisha nini. Wakitaka kuuliza, wajibu. Wakitaka kunyamaza, nyamaza nao. Na lile neno alilokupa alfajiri ile ukashindwa kulijibu, umrudishie, "Pepani, amayi." Wakikukaribisha mkekani, kaa. Simu iache hospitalini.